Sahani Mbili Zisizoguswa

Masalu, muuza barafu, alimmwagia Odeta maji palepale sokoni Mwaloni, Kirumba, saa ya watu kugombea sangara, na gauni lake la kitenge cha manjano likamganda miguuni. Akaomba msamaha kwa soda. Miezi saba baadaye alikuwa bado anaomba, kwa simu, kutwa mara tano, akimwita "mama watoto" wala mtoto hayupo. Na Odeta, jamani, alikuwa ameshanasa.

Ila kitu kimoja hakumwambia. Mwaka uliopita, akiwa na miaka thelathini na moja, alipasuliwa saratani ya utumbo mpana. Mchumba wake wa kwanza, Ngosha, alisikia neno saratani akabadilisha namba ya simu. Sasa daktari alimtaka Jumatatu, apitishiwe kamera tumboni, ijulikane kama ugonjwa umerudi. Na Masalu naye akachagua Jumapili ileile ya kabla yake kumpeleka kwa mama yake, Kiseke.

Anayesubiri kamera hali chakula kutwa nzima. Ni maji na chai ya rangi, halafu dawa ya kuharisha ili utumbo usafike. Odeta aliona haya kuahirisha, akaenda. Mama Masalu akasonga ugali, akaleta sato mzima, na katika nyumba ile mgeni akikataa ugali wa mama mkwe ameikataa nyumba. Odeta akasema ameshiba, akaomba chai ya rangi tu. Mama naye hakula, akasingizia meno, na Masalu akala peke yake amenuna.

"Umemdharau mama yangu," alimwambia getini. "Kama hunitaki, si ungesema?"

Odeta akapanda daladala. Alilia mpaka kwake, Pasiansi.

Jumatatu asubuhi hospitalini hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anaenda chooni. Nesi akamwambia wazi kwamba bila ndugu wa kumrudisha nyumbani hapewi dawa ya usingizi, na bila hiyo hapimwi. Heri aibu, akajisemea, akampigia Masalu. Simu inatumika. Akapiga tena, inatumika.

Nyuma yake mwanamke alikuwa akisema, "Njoo, mwanangu, nesi anataka ndugu." Odeta akageuka. Alikuwa Mama Masalu, simu sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe ni utumbo?"

Odeta akaitikia kwa kichwa.

"Nilikuona jana unavyoizungusha ile chai, nikajua. Mimi huu mwaka wa nne. Masalu anajua nilitolewa uvimbe, jina la uvimbe sikumtajia."

Wakakaa benchi moja. Masalu akaingia anahema, na mabuti yake ya barafu miguuni, na mama akamweleza yote. Akachuchumaa mbele ya Odeta, macho mekundu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakimbia."

"Nimekimbia kweli. Toka Kirumba mpaka hapa."

Nesi akauliza yeye ni ndugu wa nani. "Wa wote wawili," akajibu. "Huyu kanizaa, na huyu nitamuoa akikubali."

Odeta akamwomba asubiri kwanza majibu ya kipimo.

"Nimekuuliza wewe, Odeta. Sijauliza utumbo."

Akakubali, akaingia ndani.

Mama alikutwa na kinyama kidogo kimeota utumboni, kikatolewa, akaambiwa arudi mwakani. Odeta alikuwa safi. Atarudi baada ya miaka mitatu. Jioni, Kiseke, mama akapasha sato wa jana, akaweka sahani mbili, yake na ya Odeta.

"Jana ulishiba," akasema. "Leo je?"

"Leo nina njaa, mama," Odeta akasema, akanawa mikono.