Mkono Ulioifundisha Glavu

Glavu-sikivu ilitua juu ya goti la Mzee Ambokile, ikajibana taratibu, kisha ikaanza kupeleka ndani mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuyasikia. Yalipogonga mfupa, gegedu na kano, yalirudi. Na papo hapo, hewani juu ya kitanda, goti zima likajichora, wazi kama lililopasuliwa. Hakuna tone la damu lililotoka.

Ulikuwa mwaka 2086, jijini Mbeya. Kwa miaka tisa seremala huyu alikuwa amemeza dawa za baridi yabisi bila nafuu, hadi akashindwa kusimama kwenye meza yake ya kazi.

"Unauona mstari huu mweupe juu ya gegedu?" aliuliza Tusekile, mtaalamu wa picha aliyeibuni glavu hiyo. "Ni chembe za asidi, ndogo kuliko za chumvi. Mzee wangu, hii si baridi yabisi. Ni jongo, na jongo ina dawa yake."

Mzee alijifuta macho. "Miaka tisa! Nani aliifundisha mashine hii kuona hivi?"

"Mimi. Kila kiungo nilichopima, kompyuta ilihifadhi nilivyokandamiza na nilivyogeuza mkono. Viungo elfu themanini, miaka ishirini na miwili."

Alinyoosha mkono kuizima picha. Vidole vilikataa kukunjuka, vikaikosa swichi.

"Na mkono wako, daktari, umepimwa?"

"Bado."

"Unaogopa nini?"

Tusekile aliuteremsha mkono mapajani. "Picha nitaisoma mwenyewe. Hakuna wa kunificha ukweli."

"Basi tuisome wawili."

Mzee akamfunga glavu kwenye kifundo cha mkono. Kano mbili zilikuwa zimechanika, gegedu limelika kwa miaka ya kukandamiza viungo vya wengine. Tusekile alijua hazitaunganika tena. Zahanati mia tatu zilikuwa zikitumia glavu zilizojifunza kutoka kwenye mkono ambao sasa haukuweza kuinua kikombe cha chai.

Ambokile aliushika mkono ule kwa viganja viwili, akainama. "Ndaga fijo," alishukuru kwa Kinyakyusa. Akaona haitoshi. "Asante sana, mama. Asante."

"Watu huwa wanaishukuru glavu," alisema Tusekile, machozi yakimlengalenga.

Miezi minne baadaye mzee alirudi bila mkongojo, na mfuko wa zana begani. Siku ile ya kipimo, alipokuwa akisindikizwa, alikuwa amemwona Tusekile akihangaika kuzungusha kitasa cha mlango kwa mikono miwili. Hakuomba ruhusa. Alikingʼoa, akafunga kingine cha mti wa mninga, kirefu, kilicholainishwa kwa msasa hadi kikangʼaa.

"Sukuma kwa kiwiko," alisema.

Tusekile alisukuma. Mlango ukafunguka wote, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakamwona daktari wao anacheka.