Kipimo cha Mkono

Ilianzia kwenye mkono. Fundi alipapasa tepu kwa kidole gumba, akasema, "Ishirini na tisa," na shangazi mtu, aliyekuwa anaandika, akasimamisha kalamu.

"Wifi, huo ni mkono au mguu?"

"Andika. Fundi nani hapa?"

Shangazi akaandika. Wangeishia hapo, wakacheka, wakapima upya, mimi leo ningekosa la kukusimulia.

Walikuwa ghorofa ya tisa ya hoteli moja ya mjini, siku mbili tu, kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya Pengo. Pengo alikuwa anatimiza miaka saba, meno mawili ya mbele hana, na alipoulizwa anataka zawadi gani hakutaja mwanasesere wala baiskeli. Alisema anataka kupanda lifti. Baba yake ni mwokaji wa mikate. Alikuja ameipakata keki kwenye basi saa sita nzima kama kuku anayeatamia, hata msalani hakwenda.

Nyumba hiyo ina desturi yake. Kila mwaka, siku hiyo, kabla mtu hajatia kitu mdomoni, Fundi anampima mwanawe vipimo saba, anakata kitambaa, anashona, na keki ikikatwa jioni mtoto keshavaa. Na Fundi alikuwa na majigambo. Alitoboa tepu yake kwa sindano kwenye kila inchi, anaisoma kwa kidole, anapima watu amefumba macho ili wateja wabaki midomo wazi. Majigambo mimi nayajua, nayauza rejareja, na nakuhakikishia ya kwake yalikuwa ya kweli. Hayo ndiyo yaliyomponza.

Maana asubuhi ile chumba kilikuwa giza. Hoteli zile taa haziwaki mpaka uchomeke kadi ya mlango kwenye kijisanduku cha ukutani, na kadi alikuwa nayo Mwokaji, aliyeamka mapema kwenda kuwaomba watu wa jikoni nafasi kwenye friji. Mapazia mazito kama blanketi. Mtu mwingine angesubiri. Fundi akaita kitandani, "Njoo mwanangu," na mtoto akaja, akasimama mbele yake. Akatulia. Pengo, ambaye hata usingizini anapiga mateke, akatulia kama mlingoti, na mama mtu badala ya kushtuka akamsifu kwamba leo amekua. Shangazi alikuwa ameinamia daftari na mwanga wa simu yake. Kulikuwa na harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi. Kila mmoja alidhani inatoka kwenye begi la mwenzake.

Walipomaliza, mtoto akarudi chini ya shuka. Fundi akafungua pazia kidogo, akatandaza kitambaa mezani, akakata.

Ndipo mlango ulipolia, kadi ikachomekwa, taa zikawaka, na Mwokaji akaingia amembeba Pengo mabegani, wote wawili wanahema kwa kicheko. Walikuwa wamepanda na kushuka na lifti mara kumi na moja.

Pengo akaangalia tepu, akaangalia kitambaa, akanuna.

"Mama, mbona mmeanza bila mimi?"

 Wakubwa walikuwa wanatazama kitanda. Chini ya shuka kulikuwa na kivimbe cha mtoto aliyejikunja, na mbele ya macho yao kikanywea taratibu, kama donge la unga lililoumuka kisha likapigwa ngumi, mpaka shuka ikalala bapa.

Shangazi alimpigia jirani yake wa nyumbani, mtaalamu wa mambo hayo. Yule mzee hakufoka. Aliuliza kama kitambaa kimeshakatwa, akaambiwa kimekatwa. Akasema basi aliyepimwa ana haki ya nguo yake, na kuhama chumba hakusaidii, maana vipimo vyake wanavyo wao kwenye daftari. Fundi aishone mpaka mwisho, aitundike humohumo kabatini, watoke jua halijazama, na mtoto wao asiivae.

"Na akiivaa?" shangazi alinong'ona.



"Asiivae," mzee akasema.

Mwokaji akamtoa Pengo wakazurure barabarani. Fundi akashona kutwa nzima kwa mkono, sindano inaingia, uzi unavutwa, na kila alipopumzika alisikia uzi unaendelea kuvutwa mahali pengine chumbani. Wifi yake alimsikia akihesabu vishikizo kwa sauti ili asiusikie.

Alasiri wakarudi, na Pengo akaiona. Nguo ya rangi ya chungwa, vishikizo vyeupe, siku yake ya kuzaliwa, halafu anaambiwa si yako. Alilia kilio cha kuonewa, na wakubwa wale watatu, kwa kuogopa kumtisha, hawakumwambia kwa nini. Mwokaji akashuka kuchukua keki. Shangazi akaingia bafuni kukusanya miswaki. Fundi akainama kufunga begi, zipu ikakwama kwenye kitambaa, akaivuta nyuma, akaivuta mbele, akailaani, na alipoinua kichwa kilio kilikuwa kimekatika na mlango wa kabati ulikuwa unajifunga polepole, naye akaruka akaufungua kwa nguvu, na humo akamkuta Pengo amesimama wima ndani ya ile nguo, mikono ya nguo inaning'inia chini ya magoti, anatabasamu, wala hana chozi hata moja shavuni, na Fundi akamvua, akaitundika nguo, akamshika mkono ulio baridi kama mkasi, akapiga yowe wifi yake atoke, wakakimbilia lifti.

Mwokaji alikuwa ndiyo anafika na keki yake, wakamsukuma arudi ndani. Mlango wa lifti ulipojifunga, Pengo akainua macho, akapapasa ukuta wa lifti.

"Mama, hiki ni kitu gani?"

Wote walisikia. Na kutoka kule chumbani, kwa mbali, walisikia mbao zinagongwa, kwa ngumi ndogo, haraka haraka.

Fundi alibonyeza tisa mpaka kidole kikamuuma, lakini lifti ilishaanza kushuka, na lifti ikishashuka haijui mama wa mtu. Ilifika chini, ikapanda tena, ikasimama ya tatu, ikasimama ya sita. Alipolifungua kabati kulikuwa na kiango kimoja cha nguo kinabembea. Nguo haikuwemo. Mtu hakuwemo. Harufu tu ya pasi.

Mtaalamu alipopigiwa tena hakuuliza kitu. Alisema, "Poleni," akakata simu.

Walirudi nyumbani na mtoto. Majirani walimsifu kwa utulivu alioupata mjini. Lile pengo lilijaa humohumo ndani ya basi, meno mawili kwa safari moja, lakini jina lilishamganda. Fundi alimlisha, akamwogesha, akamlaza. Angefanyaje? Ukimfukuza mtoto mwenye sura ya mwanao, utamweleza nani? Mwaka mzima hakumgusa kwa tepu, na kila siku alifungua kabati la nguo, akaita, akalifunga.

Ikafika siku ya miaka minane. Mtoto aliamka mwenyewe, akaja akasimama mbele ya Fundi kama mlingoti, akasubiri. Mchana kweupe, madirisha wazi, Mwokaji mlangoni na unga mikononi. Safari hii Fundi alipima macho yamemtoka. Kifua, kiuno, mabega: shangazi alifungua ukurasa wa mwaka jana, na namba zikalingana moja moja bila kupishana hata nusu inchi. Ukaja mkono. Kwa macho ni mkono wa mtoto wa kawaida, wenye kovu la chanjo na kucha chafu. Tepu ikashuka kutoka begani, ikapita kiwiko, ikapita vidole, ikaendelea.

Nyuma yao, ndani ya kabati, sauti yenye pengo la meno mawili ikasema, imechoka sana:

"Mama, mbona mmeanza bila mimi?"

Mwokaji akalifikia kabati, akalifungua. Nguo zao tu.

Yule mtoto hakugeuka. Alinyoosha mkono wa pili, taratibu, apimwe.

Shangazi alikuwa analia, kalamu imemganda.

"Andika, wifi," Fundi akasema. "Ishirini na tisa."