Boti Iliyokuja Wote Kuzibwa

Wote si mji wa kushangaa ovyo. Siku ya soko utaona mbuzi amepakatwa kwenye bodaboda kama bibi harusi, na watu wanaendelea kubishania bei za ndengu. Lakini asubuhi ile, pikapu ilipokata kona karibu na ofisi za kaunti ikiburuta boti nyeupe yenye mlingoti uliolazwa, soko zima lilisimama.

"Jamani, Noa amefika!" mtu akapaza sauti. "Mvua ya mwaka huu si mchezo!"

Pikapu ikasimama mbele ya karakana ya Mutanu, mwanamke wa miaka ishirini na tisa aliyekuwa ameziba matangi ya maji ya nusu ya Makueni, ya plastiki na ya faiba. Saa hiyo alikuwa chini ya tangi, miguu tu ikionekana. Alipojitoa, ovaroli ya bluu imejaa gundi, leso ya maua kichwani, hereni kubwa zikicheza kana kwamba anakwenda harusini, alimkuta kijana mrefu mwenye kaptula, viatu vya mpira rangi ya machungwa na kofia iliyokaushwa na jua.

"Wewe ndiye fundi?" kijana akauliza.

"Ulitaka mwenye ndevu?"

"Hapana! Niliambiwa tu fundi wa matangi. Hawakuniambia iko na hereni."

"Hereni haina kazi na tangi. Na hiyo boti usiache hapo, unanifungia wateja. Bahari iko huko chini." Akaonyesha upande wa Mombasa kwa bisibisi.

Kijana alicheka, na Mutanu akajikuta amependa kile kicheko kabla hajapata nafasi ya kujikataza. Aliitwa Muindi. Alikuwa akiitoa boti Naivasha kuipeleka Kilifi kwa mwenyewe, ambako yeye ndiye angekuwa nahodha wake, na bampu moja ya barabara kuu ilikuwa imempasulia tangi.

"Boti iko na tangi?"

"Ndani ya tumbo. Ya maji."

"Ya kunywa?"

"Ya uzito. Ukifika baharini unafungua valvu hapa chini, maji inaingia lita mia tatu sitini. Hiyo ndiyo inashikilia boti isipinduke. Ukitoka unaimwaga, boti inakuwa nyepesi, pikapu inavuta."

Mutanu alimtazama kama anayesubiri mzaha uishe. "Yaani watu wote duniani wanatoa maji kwa boti, na wewe unaweka."

"Naweka."

"Makusudi."

"Makusudi, madam."

"Mitungi kumi na nane," Mutanu alinong'ona, maana yeye hakuhesabu kwa lita, alihesabu kwa mitungi ya lita ishirini. "Halafu unamwaga."

Mjini Wote maji hayamwagwi. Hata yaliyomwogesha mtoto huishia kwenye sukuma wiki.

Kazi ilichukua siku nne, kwa kuwa faiba hubandikwa tabaka kwa tabaka na kila tabaka sharti likauke. Muindi alikodi chumba cha wageni lakini alishinda karakanani, akishika hiki, akipitisha kile, akileta chai na chapati za moto. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na siku ya pili tayari wauza nyanya wa ng'ambo ya barabara walikuwa wakikohoa kwa niaba yao.

"Kumbe umezaliwa Kikima, hapa hapa Ukambani?" Mutanu alimwambia. "Na unajifanya mtu wa pwani na hizo viatu?"

"Mimi ni Mkamba wa maji."

"Hakuna Mkamba kama huyo."

"Basi nifundishe wa kawaida, beibi. Niko na siku nne."

"Beibi ni nani? Shika brashi."

Alisema hivyo kwa ukali, kisha akageuka ili asionekane anatabasamu. Kwake jambo lile halikuwa mchezo. Mama yake, Mbula, alikuwa ameshampatia mume: Shemasi Kitonga, mjane mpole mwenye kisima cha kuchimbwa kwa mashine. Kitonga alimposa kwa sentensi moja, "Utakuwa na mfereji ndani ya nyumba," akaona hakuna la kuongeza. Wazee wake wangekuja Jumamosi ya wiki iliyofuata kusikia jibu. Mutanu hakuwa na ubaya na mfereji. Hakutaka tu kuolewa nao.

Siku ya nne akamaliza. "Ufa nimeziba. Na kale katundu kengine ka juu nimekuzibia pia, bure."

"Asante," alisema Muindi, ambaye angeshukuru hata angeambiwa boti imeuzwa. Alikuwa akitazama vishimo vya mashavu ya Mutanu.

Ili kulijaribu tangi, Mutanu alilijaza kupitia mfuniko wa juu, mtungi baada ya mtungi, maji yake mwenyewe ya mvua aliyoyatunza tangu Novemba. Asubuhi hakuna tone lililokuwa limevuja. Alifurahi hata akapiga makofi.

"Sasa usiguse kitu. Nakuja."

Alikwenda nyumbani, akavaa gauni lake la kitenge la njano, akamwita mama na majirani sita waje na mitungi wachote. Alitaka mama amkute Muindi amesimama karibu na maji mengi hivyo, kama mtu wa maana. Ndiyo posa aliyokuwa ameipanga kichwani.

Walipofika pembeni mwa soko waliuona mto. Ulishuka katikati ya barabara, ukazunguka duka la mbolea, na mbuzi watano walikuwa wameinamia wakinywa kwa utulivu. Juu kabisa alisimama Muindi, mfuniko na valvu vikiwa wazi, akitabasamu. "Nimekupunguzia kazi!"

Jirani mmoja aliangusha mtungi. Mbula alimtazama kijana, akautazama mto, akamgeukia binti yake. "Huyu ni wa Kikima. Huko chemchemi zinatoka kwa mawe, hawajui kiu. Mwanaume anamwaga maji mbele ya watu, nyumbani atamwaga nini?"

"Mutanu, sikujua..."

"Nilikwambia usiguse!" Aibu ilimchoma hadi masikioni. "Chukua boti yako uende."

Maji yakimwagika hayazoleki. Muindi alifunga trela, akaondoka huku soko likimsindikiza kwa macho.

Alipiga simu akiwa Kambu. Mutanu hakushika. Akapiga Voi, akapiga Mariakani, akapiga Kilifi. Akaandika, "Nisamehe beibi." Akajibiwa, "Beibi alimwagika na maji." Jumanne Mutanu akamwambia mama wazee wa Kitonga waje tu. Kisha akaingia ndani ya tangi la lita elfu kumi, akidai analisafisha, akalia. Kwa bahati mbaya tangi tupu hukuza sauti, na barabara nzima ilisikia.

Alhamisi ukaja ujumbe wa sauti. "Mutanu, hii si mambo ya mapenzi. Ni mambo ya tangi. Halijai."

Muindi alipopiga tena, Mutanu alishika kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Tangi yangu haijai namna gani?"

"Nafungua valvu, maji inaingia robo, inasimama. Upepo kidogo boti inalala. Imenitupa baharini mara mbili."

"Hewa inatokea wapi?"

"Baharini mfuniko unafungwa. Kulikuwa na katundu hapo juu..."

Kwa Mutanu, tundu dogo kwenye tangi lilikuwa mwizi, na mwizi hakuulizwa amekuja kufanya nini. Mtu angeweza kufa kwa ajili ya kale katundu ka bure.

"Mutanu? Uko?"

"Usipande hiyo boti tena. Nakuja."

Ijumaa, kabla ya adhuhuri, alishuka Kilifi na gauni la njano, viatu vya kanisani na drili ndani ya mkoba. Salamu hakutoa. Alipanda kwenye boti iliyofungwa ufukoni, akapima kwa vidole, akatoboa, akapuliza vumbi la faiba. "Jaza."

Waliisukuma majini, Muindi akafungua valvu. Hewa ikatoka kwenye tundu ikipiga mluzi, na boti ikaanza kushuka.

"Ngai! Inazama!"

"Haizami. Inakaa."

Na kweli, iliposhuka kiasi cha kiganja ilitulia. Muindi akafunga valvu, akaziba tundu kwa kizibo chake, akapandisha tanga. Upepo ukaipiga boti ubavuni, ikalala, Mutanu akamwita Mwokozi kwa Kikamba, kisha ile mitungi kumi na nane ikaivuta boti ikarudi. Ikalala tena, ikarudi tena. Mara ya tatu Mutanu alikuwa anacheka.

"Shika usukani," Muindi akasema. "Ukisukuma huku, inaenda kule."

"Nani alitengeneza kitu ya kiburi hivi?"

Lakini alishika, na akashika vizuri. Ndipo Muindi, mtu asiyejua wakati wa kunyamaza, akasema, "Mutanu, nataka kukuoa." Usukani ukamponyoka. Boti ikageuka, ikakimbia kama ndama, ikapanda fungu la mchanga na kukwama. Maji ya bahari yalikuwa yakipwa.

"Tunatoka saa ngapi?" Mutanu akauliza.

"Maji ikirudi. Saa kumi hivi."

"Basi uko na wakati wa kuniambia ukweli. Kilifi nzima hakuna mtu na drili?"

Muindi alivua kofia, akaikunja. "Niliona Jumatatu kwamba katundu kamezibwa. Drili iko chini ya hiyo kiti umekalia."

"Na ukaanguka baharini mara mbili?"

"Ningeanguka mara kumi. Ningekuita na nini? Simu ya mapenzi ulikuwa hushiki."

Mutanu alitaka kukasirika, akatafuta hasira, hakuiona. Akatoa simu, akampigia mama.

"Mwaitu, waambie wazee wa Kitonga wasije kesho."

"Mbona? Nimeshachinja kuku."

"Wapikie wale, lakini jibu ni hapana. Shemasi ni mtu mzuri. Atapata mwingine."

"Ni yule wa kumwaga?"

"Ndiye."

Muindi akaomba simu kwa mikono miwili. "Mama, ni mimi. Nilikosea. Nimekaa na bahari miaka mingi, mkono umezoea maji haina mwenyewe. Ile ilikuwa na mwenyewe, na alikuwa ameitunza. Nisamehe."

Mutanu akasogeza sikio kwenye simu.

"Ntheo unaijua?" Mbula akauliza.

"Mbuzi watatu wa posa, mama. Wa kufungua mlango wa nyumba yako."

"Wakubwa," alisema Mbula, akakata.

Muindi aliishika simu kama yai. "Amekubali?"

"Mwaitu haulizi mbuzi za mtu hamtaki."

"Na wewe? Wewe hujasema kitu."

Mutanu alitazama gauni lake lililolowa hadi magotini na viatu vya kanisani vilivyokwisha kazi. "Muindi, kutoboa tundu ni kazi ya dakika moja. Hata mtoto ningemwelekeza kwa simu. Unafikiri nilifunga safari yote hiyo kufanya nini? Nimekubali. Nilikubali jana, hata kabla sijapanda gari."