Ndara Zisizopakwa Masizi

Jua la Novemba huko Osaka halina adabu. Linaondoka bila kuaga. Chizuru Momose aliposhuka kwenye treni chini ya mlima Ikoma ilikuwa saa kumi na nusu tu, na tayari mwanga ulikuwa na rangi ya chai iliyopoa.

Alikuwa amefuata viatu.

Kazi yake ilikuwa kutembea. Alikuwa na shahada ya fizikia ya sauti, lakini alilipwa kwa nyayo. Ukicheza gemu ukasikia askari akikimbia juu ya paa, au mjamzito akijikokota kwenye theluji, hao wote ni Chizuru, ndani ya chumba kisicho na dirisha, mbele ya maikrofoni. Miguu yake ilikuwa imekwisha kufa mara mia nne, na bado ilihitaji dawa ya nyufa.

Gemu mpya ilihusu kijiji cha kale. Zilitakiwa ndara za mabua ya mpunga. Zile za watalii zimefumwa na nailoni ndani, na maikrofoni haidanganyiki.

Bibi Uragami alikuwa ameketi sakafuni kwenye karakana yake, mabua mapajani, jiko la mafuta ya taa likinuka pembeni.

"Za kuvaa au za kutundika ukutani?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Za kuvaa, Bibi. Za kutembelea."

"Nani siku hizi anatembelea mabua?"

"Mimi. Natembea, sauti inarekodiwa, watu wanacheza gemu."

Bibi alimwangalia miguu, kisha uso. "Na wazazi wako walikusomesha?"

"Mpaka chuo kikuu, Bibi."

"Masikini."

Alinyanyuka kwa kujikongoja, akafungua kabati, akatoa jozi moja iliyofungwa kwa karatasi nyeupe. Ndara zilikuwa za rangi ya dhahabu, kavu, hazijawahi kugusa ardhi.

"Ninazo hizi tu. Nilimsukia mtu. Mwenyewe hakuzivaa."

Chizuru hakuuliza zaidi. Mteja kughairi si habari. Alinyoosha mkono, lakini Bibi hakuziachia.

"Usizivae ndani jioni. Kiatu kipya, ndani ya nyumba, jua limezama… hivyo huvalishwa mtu mmoja tu. Huvalishwa akiwa amelala, hutolewa nje na viatu vyake miguuni. Ikikulazimu, paka nyayo masizi ya sufuria kwanza. Zisionekane mpya."

"Zisionekane na nani?"

Bibi alikuwa amekwisharudi kwenye mabua yake.

* * *

Studio ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya mgahawa wa okonomiyaki, zile chapati nene za kabichi, na kila kilichoingia mle kiliondoka kikinuka kabichi ya kukaanga. Mzee Kanbe, mwenye studio na fundi mitambo wake, alikuwa na masikio ya popo na mdomo wa kasuku.

"Umechelewa. Nilidhani umeolewa hukohuko mlimani."

"Wamenikataa. Wamesema miguu mibaya."

"Wana macho. Haya, ingia, nataka kula mapema leo."

Chizuru alizigeuza ndara akatazama nyayo zake. Masizi angeyapata bure, hapo chini mgahawani. Lakini masizi ni unga. Unga hunyamazisha, na alichokipandia treni ni ule mkwaruzo wa mabua makavu. Halafu, kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akivaa viatu ndani, asubuhi na jioni, jozi baada ya jozi. Kama kuna balaa, lingekuwa limeshamjua kwa jina.

Akazivaa.

Sakafu ya chumba cha kurekodia ilikuwa imepangwa visanduku: cha mbao, cha udongo, cha changarawe, na mwisho beseni pana la maji. Alisimama kwenye mbao.

"Sekunde arobaini," sauti ya Kanbe ilitoka kwenye spika. "Mwanamke, hana haraka, anakwenda mahali."

Chwa… chwa… chwa…

Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote alizowahi kuitoa. Alitembea papo hapo, akihamisha uzito, kisigino, kidole, kisigino. Harufu ya kabichi ilimpotea. Badala yake ikaja nyingine. Matope baridi… na ubani wa msibani.

Alipotimiza arobaini alisimama, akazivua, akavaa sandali zake za ndani, akaenda chumba cha mitambo.

Kanbe aliruka kitini.

"Mama yangu! Kohoa basi unapokuja! Unatembea kama mwizi."

"Nimetembea kama kawaida."

"Sikusikia kitu." Kisha akakunja uso, akageukia kompyuta. "Chizuru. Umetembea muda gani?"

"Arobaini."

"Basi huyu nani?"

Mistari ya sauti kwenye kioo ilikuwa inaendelea kujichora. Dakika moja na sekunde nane. Tisa. Kumi. Maikrofoni ilikuwa imezimwa.

Chwa… chwa… chwa…

Chizuru aliinamia spika. Alivunjika kifundo cha mguu wa kulia akiwa na miaka ishirini, na tangu hapo kisigino hicho hukwaruza kidogo kabla ya kunyanyuka. Hakuna mtu duniani aijuaye sauti hiyo kuliko yeye.

Ilikuwa inakwaruza.

"Ni mimi," alinong'ona.

"Wewe uko hapa."

Ubao uliisha. Hatua zikawa nzito, laini, kwenye udongo. Kisha zikaanza kusaga changarawe.

"Leo hatujarekodi changarawe," Kanbe alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

Na mbali, chini kabisa ya changarawe… maji. Maji mapana, yanayopita polepole.

Huko kwao mtoto hujifunza habari za mto huo kabla ya kujua kufunga vifungo: mto wenye mawe ukingoni, ambao marehemu huuvuka siku ya saba. Chizuru aliwahi kuuita mto huo, mbele ya wajomba zake kwenye tanga, "hadithi ya kuwafanya watu walipe makuhani." Sasa aliusikia, kwa ubora wa hali ya juu, kushoto na kulia.

Alikanyaga chini kwa nguvu.

Kimya.

Alivua sandali akaruka kwa miguu yote miwili. Chai ya Kanbe ikatikisika kikombeni. Sauti haikutoka. Kanbe aliwasha maikrofoni nyingine, akaisogeza mpaka ikagusa ukucha wa Chizuru. "Tena." Alikanyaga tena. Mstari wa maikrofoni hiyo ulibaki umelala.

Uzito upo. Sauti haipo.

Wachoraji wa zamani wa Japani waliwachora wafu wakiishia magotini, kama moshi. Wafu hawana miguu. Chizuru alikuwa akiicheka michoro ile.

"Asiyesikia la mkuu…" Kanbe alianza.

"Malizia uone."

Alipiga simu Ikoma. Ilipokelewa kabla haijaita mara mbili.

"Hukupaka," alisema Bibi Uragami. Halikuwa swali.

"Bibi, mwenyewe wa ndara hizi ni nani?"

"Mume wangu. Nilimsukia kwa mikono hii. Watoto wakaleta kampuni ya mazishi, watu wa suti na tabasamu, wakamvalisha soksi. Soksi, mwanangu! Mawe yote yale." Bibi alivuta pumzi. "Tangu mwezi wa sita amekaa ukingoni. Nilihitaji mtu wa kumpelekea viatu."

"Ulijua ningevaa!"

"Nilikwambia upake. Waliosoma hawapaki."

Kwenye spika, hatua ziliteleza juu ya jiwe lililolowa.

"Niambie narudije," Chizuru alisema kwa meno yaliyobana.

"Rudi kabla maji hayajafika magotini. Paka sasa. Ulikopita, ndiko urudie. Ukifika mlangoni vua, sema umerudi, kama watu wote wasemavyo, na mtu wa ndani akuitikie. Wewe tu. Yule atakayekuja nyuma yako anataka viatu vyake. Avivae, aende zake. Asisemeshwe hata neno. Umenisikia? Ukimwitikia…"

"Nikimwitikia?"

Simu ilikatika.

Kanbe alishuka ngazi mbilimbili, akarudi na masizi ya bati la kukaangia kwenye kitambaa. Akampakia Chizuru nyayo za ndara.

"Mimi niseme 'karibu nyumbani,'" alirudia kama mtoto aliyetumwa dukani. "Mara moja."

"Mara moja, Mzee. Kisha ufunge mdomo."

"Nimewahi kushindwa kufunga mdomo?"

Hakuna aliyecheka.

Chizuru alizivaa tena ndara, akaingia kwenye beseni. Maji yalikuwa ya bombani, ya uvuguvugu, yaliyomfika kifundoni. Lakini baridi ilimshika chini ya magoti, ikapanda. Alikanyaga. Chumbani, kimya. Alikanyaga tena. Kimya. Mlango ulikuwa wazi, na kutoka chumba cha mitambo alisikia maji yakichapwa, mtu akihangaika, akipoteza mwelekeo…

…kisha akigeuka.

"Umegeuka!" Kanbe alipiga kelele. "Njoo! Njoo binti!"

Alihamia kwenye changarawe. Mguu wake ulizisukuma bila sauti, na sekunde moja baadaye zikalia kule kwenye spika. Hatua kumi. Ishirini. Kisigino cha kulia kikakwaruza.

Nyuma ya hatua zake palikuwa na nyingine.

Hazikuwa za mabua. Zilikuwa za nyama tupu, mbichi, zinazonata kwenye mawe na kubanduka. Hazikumkaribia. Hazikuachwa.

Pwa… pwa… pwa…

Udongo. Mbao. Shingo yake ilikuwa imelowa na hakujua kama ni jasho. Alitoka chumbani, akapita ukumbi mwembamba mpaka mlangoni pa studio, pale penye kipande cha vigae ambapo kila aingiaye huvulia viatu. Alizivua ndara. Akapanda kidaraja cha mlangoni peku.

"Nimerudi," alisema.

Katika kila ofisi ya Osaka mtu hutoka kwenda posta, akirudi husema hivyo, na aliye ndani humjibu bila kuinua macho kwenye kazi yake. Si salamu hasa. Ni kama kupiga chafya. Kanbe alikuwa akijibu hivyo kwa miaka arobaini.

"Karibu nyumbani!" aliitikia, sauti ikimkatika.

Chizuru akakanyaga ubao.

Tap.

Alikanyaga tena, na tena, kama mtoto mwenye viatu vipya vya sikukuu. Tap, tap, tap! Alicheka. Machozi yalimtoka. Kule ndani Kanbe alikuwa ameinamia meza, kichwa mikononi, akihema.

Spika zilikuwa bado zinawaka.

Pwa… pwa…

Zilivuka mbao. Zikapita ukumbini. Zikampita, zikasimama kwenye vigae, hatua moja nyuma ya mgongo wa Chizuru, na matope baridi yakamjaa puani. Hakugeuka. Alisikia mtu mzima akiinama kwa shida, goti likilia. Mabua yakakwaruza. Anavaa, Chizuru alijiambia. Anavaa, ataondoka.

Mtu yule alikohoa kidogo. Sauti ya mzee, imechoka mno, ya mtu aliyengoja nje tangu mwezi wa sita.

"Nimerudi."

Na Kanbe, kichwa bado mikononi, bila kuinua macho:

"Karibu nyumbani."

Mistari kwenye kioo ikalala.

Kanbe akainua uso. Ulikuwa mweupe kama karatasi.

"Nimesema nini?"

"Umemwitikia."

"Mazoea, Chizuru… ni mazoea tu…"

* * *

Faili lilisimama kwenye dakika sita na sekunde mbili, na halijaongezeka. Asubuhi yake Chizuru alimpigia Bibi Uragami akamweleza. Upande wa pili jiko la mafuta lilisikika likipumua.

"Alipokuwa hai, kwangu hakuwahi kurudi mapema hivyo," Bibi alisema, akakata.

Gemu ilitoka masika yaliyofuata. Hatua zilisifiwa.

Ndara bado ziko pale mlangoni kwenye vigae. Kanbe hazigusi, huziruka, mzee wa miaka sitini, kama mtu avukaye mfereji. Kila jioni Chizuru anapofunga studio huchuchumaa na kuzigeuza, ncha zielekee nje, kama ilivyo heshima kumwekea mgeni viatu tayari kwa safari yake. Si kumfukuza. Ni kumkumbusha.

Kila asubuhi akifungua, ncha zinaelekea ndani.