Kisu Kwenye Mkoba wa Ambo

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa kahawa, Pina alifagia unga wa chuma kwenye karakana ya baba yake, Rosendo. Katika kitongoji chao huko Batangas, mkoa ulio kusini mwa Manila, karibu kila nyumba ilifua balisong, yaani visu vya kukunja vyenye mipini miwili. Pina alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini mkono wake ulishazoea kazi. Wiki hiyo alikuwa amemaliza kisu chake cha kwanza, chenye mipini ya pembe ya nyati, na alikionea fahari kupita kiasi.

Siku hiyo kaka yake Ambo alikuwa anasafiri kwenda Manila kufanya mtihani wa kuingia chuo cha mabaharia. Mwaka uliopita aliukosa kwa sababu ya homa. Akiukosa tena, basi, umri ungempita.

"Kula, mwanangu," baba alimhimiza, akimsogezea wali wa kukaanga na samaki mkavu. "Hesabu haziingii tumbo likiwa tupu."

Ambo alipokwenda kunawa, Pina alikisukuma kisu chake chini kabisa ya mkoba wa kaka yake. Alikuwa amesikia kwamba Manila vibaka wamejaa. Isitoshe, wanaume wa kitongoji chao walitia kisu mfukoni kama wengine wanavyotia kitana. Atafurahi akikikuta, alijiambia.

Alimsindikiza hadi stendi. Langoni mlinzi alikuwa anapekua mizigo kwa kijiti. Mbele yao alisimama Mzee Kanor, mkulima, amekumbatia miche ya kahawa. Mlinzi akatoa kwenye kikapu chake kisu kidogo cha kukunja.

"Na hiki, mzee?"

"Naenda kupandikiza kahawa shambani kwa binti yangu. Au ulitaka nikate matawi kwa meno? Yenyewe yamebaki mawili!"

Watu wakacheka. Mlinzi naye akacheka, akamwambia akifunge kwa kitambaa na kukiweka kwenye buti la basi.

Ikafika zamu ya Ambo. Kijiti kiligonga kitu kigumu. Mlinzi akaingiza mkono, akatoa balisong. Kicheko kikakatika palepale.

"Cha nani hiki?"

"Sio changu!" Ambo alimaka.

"Wote husema hivyo. Afande! Hebu njoo huku!"

Afande Magsino, askari wa kike aliyekuwa zamu, alikuja upesi. Dereva alikuwa ameshawasha injini. Pina alitaka kusema, lakini aliogopa. Je, akifungwa yeye?

"Kijana, unajua kubeba hiki nje ni kosa?" afande aliuliza, akiisoma barua ya mtihani wa chuo iliyokuwa mkobani. "Ukiandikiwa kesi, usahau hicho chuo. Nauliza mara ya mwisho. Ni cha nani?"

Ambo alikitazama kisu. Akaitambua ile mipini. Akamtupia Pina jicho mara moja tu, kisha akainamisha kichwa.

"Ni changu, afande."

"Muongo!" Pina alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Anadanganya, afande! Ni changu mimi. Nimekitengeneza mwenyewe, nikakitia mkobani bila yeye kujua. Angalia msumari wa pili, umekaa upande. Nilikosea hapo."

Afande akakigeuza. Kweli, msumari ulikuwa umepinda. Akashusha pumzi.

"Lakini Mzee Kanor mbona mmemwachia?" Pina aliuliza kwa kwikwi. "Na chake si kinakunjwa vilevile?"

"Sheria haitazami kukunjwa, binti. Kiwe kidogo, kiwe kikubwa, ukitoka nacho nyumbani tutakuuliza kina kazi gani. Mzee anakwenda kupandikiza, ndiyo riziki yake. Kaka yako atajibu mtihani kwa kisu?"

Baba alipigiwa simu, akafika na pikipiki, aproni bado kiunoni. Afande aliandika kwamba Ambo hakuwa na hatia, akamwomba dereva amsubiri apande. Kisu kilibaki polisi. Pina, kwa kuwa alikuwa mtoto, alikabidhiwa kwa baba yake, ila Jumatatu wangekwenda wote kwa afisa wa ustawi wa jamii.

Basi lilipoondoka, Rosendo alimfuata afande hadi kwenye meza yake langoni. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akaweka mezani balisong yake mwenyewe.

"Na hiki, afande. Nimetoka nacho karakana, wala sikufikiri."

"Leo umekitoa mwenyewe, nimekipokea," afande alisema. "Siku nyingine nitakukamata, fundi."

Njiani Pina alilia tena. "Nisamehe, baba."

"Umekosa, na mimi nimekosa zaidi," baba alisema. "Nilikufundisha kukifua kisu, sikukufundisha pa kukibeba na pa kukiacha. Fundi asiyejua sheria ya kitu chake hajamaliza kazi. Na kamwe usitie kitu kwenye mzigo wa mtu bila kumwambia, hata kiwe zawadi." Akamfuta machozi kwa ncha ya aproni. "Lakini uliogopa, na bado ukasema kweli. Kama ungenyamaza, mwanangu, sasa hivi ningekuwa namfuata kaka yako mahabusu."