Sauti Ndani ya Flashi

"Hii flashi ni ya nani?"

Meneja Mahona aliuliza huku akiigonga karatasi kwa kalamu. Karatasi ilitoka kwa fundi wa kompyuta aliyeletwa kutoka Mwanza, ikionyesha kila kifaa kilichowahi kuchomekwa kwenye kompyuta za ofisi ile ya kununua pamba, hapo Bariadi mjini. Mstari mmoja ulijirudia mara arobaini na moja: kompyuta ya Eufrasia, kila Ijumaa saa saba mchana, flashi iliyopewa jina FERDI.

Eufrasia, mtunza kumbukumbu, alitazama meza. Fundi alitazama dirisha. Maana fundi mwenyewe ndiye Ferdinand, na flashi ile aliinunua yeye miaka kumi nyuma, walipokuwa chuo kimoja, wakila sahani moja ya wali maharage kwa vijiko viwili. Enzi zile jamani, hata njaa ilikuwa tamu.

Kisa chenyewe ni hiki. Orodha ya wakulima wa kampuni, vijiji vyao na siku ya kufika kila kijiji, ilikuwa imevuja. Washindani wakatangulia kijijini Dutwa wakiwa na majina yote mkononi. Mahona alishaapa kwamba mhusika atafukuzwa kazi na polisi atafika. Na dawa za mama yake Eufrasia kule Migato zilitegemea kazi hiyo hiyo.

Asubuhi Ferdinand alikuwa amemtumia Eufrasia ujumbe: "Ni ile flashi yangu? Niambie kabla sijapeleka ripoti."

Akajibiwa: "Peleka. Fanya kazi yako."

Kiburi hicho hakikuanza jana. Ferdinand alipopata kazi yake ya kwanza, Mtwara, alimpigia simu akamwomba wafunge ndoa waende wote. Mama yake Eufrasia alikuwa kitandani, hajiwezi. Eufrasia akamwambia asimsubiri, ameshapata mwingine. Mwingine huyo hakuwepo. Alitaka tu mwenzake aende zake asigeuke nyuma, kisha akalia wiki nzima. Mkaidi yule, sijui alimrithi nani.

"Ndani kuna nini?" Mahona akauliza.

"Mambo yangu."

"Mambo yako, kwenye kompyuta ya kampuni?"

Ferdinand akakohoa. Alieleza kwamba kumbukumbu zinaonyesha flashi ilichomekwa, hazionyeshi kilichonakiliwa, na dawa ni kuifungua. Ila ni mali ya mtu, akikataa hawezi kumlazimisha.

"Akikataa, afungashe virago," Mahona akasema.

Eufrasia aliona kazi iko upande huu na aibu iko upande ule. Akaitoa flashi kwenye mkoba, imefungwa uzi mwekundu, akaiweka mezani.

"Fungua. Wote wasikie."

Kulikuwa na faili moja tu. Ferdinand akalibofya. Sauti ya kijana ikajaa chumbani, kijana wa Bukoba anayehangaika na salamu ya Kisukuma.

"Mwadela, mayu. Eufrasia, usinicheke, najifunza. Siku nikija Migato kumsalimia mama yako nisije nikaaibika. Mwadela, mayu. Hapo sawa?"

Kikafuata kicheko cha msichana. Kilikuwa cha Eufrasia, na pale ofisini hakuna aliyewahi kukisikia.

Honorata, katibu muhtasi, akatafuta leso.

"Uliniambia umepata mwingine," Ferdinand akasema taratibu.

"Nilidanganya."

"Na kila Ijumaa unasikiliza hii?"

"Nyumbani sina kompyuta."

Mahona naye ni binadamu, akaiweka kalamu chini akauliza, basi orodha ilitokaje? Ferdinand akataka kujua ilichapwa wapi. Honorata, macho bado mabichi, akamkumbusha meneja kwamba printa iliishiwa wino, na ni meneja mwenyewe aliyeituma orodha kwa WhatsApp kwenye stesheneri ya Yakobo ikachapwe, kama ilivyo kawaida yao.

Wakavuka barabara. Kwa Yakobo kila mteja hushika kipanya ajitafutie faili lake, na orodha ya kampuni ilikuwa bado imekaa kwenye kioo, katikati ya kadi ya harusi na barua ya kuomba kazi. Yakobo akakumbuka kwamba siku ile wanunuzi wale wengine walikuja kutoa kopi. Mahona alirudi ofisini ameinamisha kichwa, akamwomba Eufrasia radhi mbele ya wote, na kwa kosa la kuchomeka flashi akampa onyo la mdomo tu.

Jioni Ferdinand alizifunga tundu za flashi kompyuta baada ya kompyuta. Ya Eufrasia aliiacha mwisho.

"Hapa haitasoma tena. Sasa utasikilizia wapi?"

Eufrasia akaizungushia flashi uzi wake mwekundu.

"Mimi sijaoa," Ferdinand akasema. "Jumapili utakuwa Migato?"

"Nitakuwepo."

Alifika Jumapili mchana na pikipiki ya kukodi, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi, fimbo yake pembeni. Ferdinand akainama.

"Mwadela, mayu."

"Mwadela, baba." Mama akamtazama, kisha akamgeukia binti yake. "Ndiye huyu uliyemwambia asisubiri?"

Eufrasia akashtuka. "Nani alikuambia, mama?"

"Nilikuwa nimelala kitandani, masikio hayakulala. Simu ile niliisikia yote. Nikangoja uniambie mwenyewe, miaka tisa." Akaishika fimbo, akasimama. "Sasa natembea. Nenda kaongeze unga kwenye sufuria, mwenzako ametoka mbali."