Wagonjwa Tisa Waliozidi

Kila asubuhi kabla ya kengele, Kidoti alipita darasa kwa darasa na daftari lake, akihesabu wanafunzi wapya walioshikwa na mafua makali yenye homa. Alikuwa wa darasa la sita, mdogo wa umbo lakini mdomo haulali. Rafiki yake, Mrefu, ndiye aliyemsaidia. Walikuwa wakiandaa maonyesho ya sayansi, na shangazi yake Kidoti, mtaalamu wa hesabu za magonjwa katika maabara ya mji, alikuwa amewafundisha kukadiria jinsi ugonjwa unavyoenea.

“Kila mgonjwa akiambukiza wawili kwa wiki,” aliwaambia, “wawili watazaa wanne, wanne watazaa wanane. Hicho ndicho kielelezo chenu.”

Kwa wiki tatu hesabu zilinyooka kama rula. Wiki ya nne walitarajia kumi na sita. Safari hii mwalimu wao aliwaagiza wahesabu pia wanaokohoa bila homa, wale wanaoendelea kuja shule. Wakapata ishirini na tano!

“Tumekwisha!” Mrefu alishika kichwa. “Maonyesho ni wiki ijayo. Andika kumi na sita, nani atajua?”

Kidoti alisita, kisha akafuta ishirini na tano, akaandika kumi na sita. Lakini jioni Shangazi alipolitazama daftari na kusema, “Hee, mmepatia tena!” Kidoti alilivuta daftari kwake.

“Shangazi, nimedanganya. Walikuwa ishirini na tano.”

Alijikunyata akisubiri kufokewa. Shangazi aliruka kitini nusura amwage chai. “Mwanangu, unanificha namba tamu kuliko zote! Tisa wamezidi. Hao tisa ni akina nani?”

Kesho yake wasichana hao wawili walizunguka shule nzima mbiombio. Wote tisa walikuwa wakikohoa bila homa. Walipoulizwa walikaa karibu na nani, waliwataja watatu waliokohoa wiki iliyotangulia. Na wale watatu wakamtaja mmoja: golikipa wa timu ya shule, aliyeanza kukohoa wiki moja kabla yao.

“Mmoja, watatu, tisa!” Kidoti alipiga kelele. “Huu unaambukiza watatu watatu!”

“Kwa sababu hawana homa,” Mrefu alidakia. “Hawajioni wagonjwa, basi wanakuja kutukoholea!”

Muuguzi wa shule alichukua vipimo puani mwa wale tisa. Maabara ikathibitisha: ilikuwa aina mpya ya kirusi kilekile cha mafua. Kwa hesabu zao, wiki ijayo aina hiyo peke yake ingewapata ishirini na saba. Siku hiyohiyo mwalimu mkuu aliamuru kila anayekohoa abaki nyumbani, barakoa zivaliwe na madirisha yafunguliwe.

Wiki iliyofuata wapya waliokohoa bila homa walikuwa watano tu. Mrefu alihesabu mara mbili, kisha wakacheza ngoma isiyo na muziki pale barazani.

Siku ya maonyesho, wazazi walipojaa mbele ya meza yao, Mrefu alimvuta Shangazi pembeni. “Mimi ndiye niliyemwambia afute.”

“Ahsante kwa kusema,” Shangazi alijibu, akawashika wote wawili mabega. “Kielelezo ni makadirio yetu tu. Namba ikikipinga, msiifute. Iulizeni kwa nini. Mngeinyamazisha ile, watoto wengi zaidi wa shule hii leo wangekuwa wakikohoa.”